Transista haijafa: kutoka redio ya babu hadi meza ya fundi wa Joubert Park

JOHANNESBURG. Tarehe 23 Septemba 2025 serikali ya Taiwan ilitangaza kwamba itaweka vizuizi vya kuuza chipu za elektroniki nchini Afrika Kusini. Siku mbili baadaye ikasema imesitisha hatua hiyo ili kutoa nafasi ya mazungumzo. Vyombo vingi vya habari viliichukulia habari hiyo kuwa ni ugomvi wa mabalozi, na haukupita muda ikawa imesahauliwa. Lakini kwa sisi tunaoishi jirani na Joubert Park, katikati ya jiji hili, habari ile ilikuwa na uzito mkubwa kuliko ilivyopewa, kwani hapa kuna watu ambao mkate wao wa kila siku umo ndani ya chipu hizo.

Itakumbukwa kwamba Afrika Kusini ilikata uhusiano rasmi wa kibalozi na Taiwan mwanzoni mwa mwaka 1998 na kuitambua Beijing. Hata hivyo Taiwan iliendelea kuwa na ofisi yake ya mawasiliano mjini Pretoria. Oktoba 2024 serikali ya Afrika Kusini iliitaka ofisi hiyo ihame Pretoria na kwenda Johannesburg, na mwaka uliofuata ikaishusha hadhi na kuiita ofisi ya biashara. Taiwan, ambayo inakadiriwa kutengeneza zaidi ya nusu ya chipu zote zinazofanywa kwa oda za makampuni mengine duniani, na karibu zote zile za hali ya juu kabisa, ikajibu kwa silaha iliyo nayo mkononi. Pretoria nayo ikakumbusha kwamba Afrika Kusini ndiyo inayotoa madini ya jamii ya platinamu, ikiwemo paladiamu, ambayo viwanda vya chipu vinayahitaji.

Sasa swali linalojitokeza ni hili: ndani ya chipu hizo mna nini hasa, hata nchi zitishiane kwa ajili yake? Jibu ni neno moja ambalo wengi wetu tulidhani limezikwa pamoja na babu zetu. Mna transista.

Neno la wazee

Kwa watu wa rika langu, waliozaliwa Afrika Mashariki na Kati miaka ya 1970 na 1980, transista ilikuwa ni redio yenyewe. Mzee alikuwa akiagiza, "Niletee transista," naye akaletewa redio yenye mkanda wa ngozi na betri zilizoanikwa juani ili zipate nguvu ya mwisho. Watoto hatukujua kwamba transista ni kidude kidogo kilichokuwa ndani, chenye miguu mitatu, kikubwa kidogo tu kuliko punje ya mchele.

Kidude hicho kilizaliwa Desemba 1947 katika maabara za Bell nchini Marekani, kwa kazi ya John Bardeen, Walter Brattain na William Shockley, waliokuja kupewa tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1956. Kabla ya hapo redio zilitumia vali, yaani vichupa vya kioo vilivyopaswa kupata moto kwanza kabla redio haijasema neno. Vali zilikula umeme mwingi, na katika nyumba za Waafrika wengi umeme haukuwepo. Oktoba 1954 ikatoka redio ya kwanza ya transista kuuzwa madukani Marekani, Regency TR-1, ambayo ilikuwa na transista nne tu. Kisha wakaja Wajapani wa Sony, na baada ya miaka michache redio ya betri ikafika hadi kwa mchunga ng'ombe na mvuvi.

Kazi ya transista ni mbili. Ya kwanza ni kukuza: umeme dhaifu unaoingia mguu mmoja unatawala umeme wenye nguvu unaopita katika miguu mingine miwili, kama vile mkono wa mtoto unavyoweza kufungua koki na kuachia maji ya tangi zima. Ndivyo wimbi hafifu kutoka Cairo au London lilivyokuwa sauti ya kujaza sebule. Ya pili ni kufungua na kufunga, kama swichi, lakini swichi isiyoguswa na kidole na inayoweza kufunguka na kufungika mamilioni ya mara kwa sekunde. Kompyuta na simu zote zimejengwa juu ya kazi hii ya pili.

Nukta ya kuzingatia hapa ni kwamba tangu mwanzo chombo hiki kilikuwa cha siasa. Radio Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954 na kuwasumbua Waingereza waliokuwa wakitawala Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar. Katika nchi hii ninayoandikia, chama cha ANC kilirusha matangazo ya kwanza ya Radio Freedom Juni 1963, kwa sauti ya Walter Sisulu, kutoka mafichoni. Baadaye matangazo hayo yalitoka Dar es Salaam, Lusaka, Luanda, Addis Ababa na Antananarivo, na kuyasikiliza ndani ya Afrika Kusini lilikuwa ni kosa la kupelekwa jela.

Serikali ya ubaguzi wa rangi haikutegemea jela peke yake. Mwaka 1960 ilianzisha Radio Bantu, na kuanzia 1961 ikajenga mtandao wa mitambo ya FM. Mawimbi ya FM ni safi kwa sikio lakini hayaendi mbali, na redio ya FM pekee haiwezi kunasa masafa mafupi yanayotoka Dar es Salaam au Moscow. Kwa hiyo kumpa mtu redio nzuri ya FM ilikuwa pia ni njia ya kumziba masikio asisikie mbali. Wenye redio za masafa mafupi waliendelea kuzisikiliza usiku, chini ya blanketi, sauti ikiwa imepunguzwa.

Iko wapi leo?

Kuna wasemao kwamba zama za transista zimekwisha. Ukweli ni kinyume chake. Ndugu msomaji, ingia nami katika chumba cha kawaida kwenye ghorofa za Joubert Park, zile ambazo sebule moja imegawanywa kwa mapazia ili ienee familia tatu, na tuhesabu.

Mlangoni kuna mita ya umeme wa kulipia kabla, ndugu yake LUKU ya Tanzania. Ndani yake mna chipu inayosoma tarakimu za tokeni na kuamua uwashiwe au uzimiwe. Mfumo huo wa tokeni asili yake ni hapa hapa Afrika Kusini, na kila tokeni hubeba hesabu ya dakika zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1993. Hesabu hiyo ilipewa nafasi 24, kila nafasi ikiwa ni 0 au 1, yaani swichi iliyofungwa au iliyofunguliwa. Mbili ukizizidisha kwa namna hiyo mara 24 unapata 16,777,216, na dakika hizo zilijaa tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo maana wateja wa Johannesburg, Nairobi na Dar es Salaam, wote walitakiwa kuingiza tarakimu maalumu kabla ya siku hiyo, na mita ambayo haikuingizwa haikupokea tokeni mpya. Wengi walidhani ni ujanja wa shirika la umeme. Sababu ilikuwa ni uchache wa nafasi.

Juu darini kuna taa ya LED. Kwenye kitako chake mara nyingi mna kisakiti kidogo chenye transista ya kupima umeme unaopita. Ukutani kuna chaja ya simu. Chaja za zamani zilikuwa nzito kwa sababu ya chuma na nyaya za shaba. Za leo ni nyepesi kwa kuwa transista ndani yake inakatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na umeme uliokatwakatwa hivyo unahitaji kijichuma kidogo tu. Rimoti ya runinga ina chipu na transista ya kusukuma mwanga usioonekana. Kadi ya benki ina chipu, na laini ya simu ni chipu iliyobandikwa kwenye plastiki.

Runinga ya bapa ina transista nyembamba kama utando kwa kila nukta ya rangi. Skrini ya kiwango cha HD kamili ina nukta 1,920 kwa 1,080, na kila nukta ina rangi tatu. Piga hesabu, utapata zaidi ya transista milioni 6 kwenye kioo peke yake.

Kisha njoo kwenye simu. Chipu ya Intel 4004 ya mwaka 1971, iliyofungua zama za kompyuta ndogo, ilikuwa na transista 2,300. Chipu ya A14 ambayo kampuni ya Apple iliitoa mwaka 2020 ina transista bilioni 11.8. Hata simu ya bei nafuu yenye kumbukumbu ya GB 4 ina vijumba vya kumbukumbu zaidi ya bilioni 34, na kila kijumba kina transista moja na kapasita moja. Kwa maneno mengine, mama anayeuza nyanya kwenye kona ya mtaa, na simu yake kiunoni, amebeba transista nyingi kuliko idadi ya watu wote duniani.

Wapiga picha wa bustani ya Joubert Park wanaijua habari hii kwa maumivu. Kwa miaka mingi walikuwa wakisimama karibu na jumba la sanaa la Johannesburg, lililofunguliwa mwaka 1915, wakiwapiga picha wageni wa jiji waliotaka kutuma nyumbani ushahidi kwamba wamefika na wamependeza. Kamera ya filamu ilihitaji ustadi na dawa. Kamera ya simu ina kipande cha silikoni ambacho kila nukta yake inasomwa na transista zake. Mteja sasa anajipiga mwenyewe na kutuma kijijini kabla hajatoka kwenye lango la bustani.

Ili kuwa mkweli, si kila kitu kina transista. Birika la kawaida la umeme halina. Huzimwa na kipande cha bati kinachojikunja kikipata joto. Pasi ya kawaida vilevile. Nayo tanuri ya maikrowevu, pamoja na saa yake ya tarakimu iliyojaa transista, bado hupasha chakula kwa mtambo wa jamii ile ile ya vali za zamani. Vali haikufa yote.

Mwaka 2023, uliokuwa mbaya kuliko yote kwa mgao wa umeme nchini hapa, chombo kilichotafutwa zaidi kilikuwa inveta. Kazi yake ni kuchukua umeme wa betri, unaokwenda upande mmoja, na kuugeuza uwe wa kwenda na kurudi kama wa ukutani. Kinachogeuza ni transista kubwa zilizofungwa kwenye bapa la alumini la kupozea. Waliokuwa na fedha walinunua inveta na kulala na mwanga. Wa Joubert Park walinunua pawabenki, na wengine mshumaa. Hapo transista ilikuwa imekwisha kuwa mpaka kati ya tajiri na maskini.

Meza ya fundi

Nilipolazimika kuondoka nyumbani, nilitoka na begi moja na redio ndogo ya masafa mafupi. Kazi yetu ya uandishi ilikuwa imegeuka kuwa kosa. Redio ile ilinyamaza baada ya miezi michache hapa, nami nikaipeleka kwa fundi mmoja Mkongo aliyekuwa ameweka meza yake mwendo mfupi kutoka kituo cha teksi cha Noord. Aliifungua, akagusa hapa na pale kwa mita yake, akacheka. "Mkubwa, hii haijakufa. Kuna mmoja tu hapa ameungua." Akatoa transista kwenye redio-kaseti mbovu iliyokuwa chini ya meza, akailehemu, na redio ikasema. Gharama yake haikuzidi bei ya mkate.

Nikamuuliza kwa nini hafanyi hivyo kwenye simu. Akanionyesha chipu nyeusi, ndogo kuliko ukucha. "Humu wamo mabilioni. Akiungua mmoja, unatupa wote."

Maneno hayo ndiyo kiini cha uchambuzi huu. Zamani transista ilionekana, ilihesabika, na fundi wa Kariakoo, wa Gikomba au wa Bukavu aliweza kuibadilisha. Leo zimefungiwa mahali ambapo mkono wa fundi haufiki, nazo zinatengenezwa katika viwanda vichache sana duniani, na zile za hali ya juu kabisa karibu zote katika kisiwa kimoja kinachogombaniwa na Beijing. Fundi wetu bado anaweza kubadilisha chipu nzima kama akiipata. Asipoipata, ujuzi wake unabaki mikononi. Barua moja kati ya Taipei na Pretoria inaweza kufika hadi kwenye meza ile ya mbao.

Hapa pia panapasa kusahihishwa jambo linalorudiwa sana na sisi waandishi. Tumezoea kusema kwamba koltani ya Kongo "ndiyo inayotengeneza chipu." Transista hutengenezwa hasa kwa silikoni, inayopatikana kwenye mawe ya kwatzi, na silikoni imejaa duniani. Tantalumu itokayo kwenye koltani kwa sehemu kubwa huenda kwenye kapasita, vidude jirani vinavyohifadhi umeme kwa muda mfupi, na bati la Kivu huenda kwenye risasi ya kulehemu. Lakini usahihisho huu haupunguzi dhuluma. Machimbo ya Rubaya, yanayokadiriwa kutoa takriban asilimia 15 ya koltani ya dunia, yalitekwa na waasi wa M23 Aprili 2024. Januari 2025 Goma ikaanguka, na askari 14 wa Afrika Kusini wakauawa katika vita hivyo. Simu haiwezi kufanya kazi kwa transista peke yake. Inahitaji pia kile kilichochimbwa kwa mikono ya watu wa Masisi.

Kwa hiyo mzunguko ni huu: madini yanatoka Kivu, yanakwenda Asia, yanarudi Johannesburg yakiwa simu, na simu ikiharibika inatengenezwa na kijana aliyekimbia vita vya madini hayo hayo. Na kijana huyo mwenyewe hana uhakika na kesho yake. Mei 2008 watu 62 waliuawa katika ghasia za kuwapinga wageni. Tangu 2021 kuna vuguvugu la Operation Dudula. Oktoba 2025, wiki chache kabla ya mkutano wa G20 uliofanyika jijini hapa tarehe 22 na 23 Novemba, manispaa iliwaondoa wachuuzi katika mitaa kadhaa, ukiwemo mtaa wa De Villiers ulio jirani na Joubert Park, hadi Mahakama Kuu ikaiamuru iwahakiki na kuwaandikisha. Fundi wangu ameshahamisha meza yake mara tatu. Jiji linalolalamika kwamba halina mafundi linamfukuza fundi.

Nani ameshika swichi?

Lipo jambo la mwisho, nalo linatugusa sisi tulio nje na ninyi mlioko nyumbani. Transista ya redio ya babu ilikuwa mikononi mwa babu. Mtawala aliweza kuchafua mawimbi kwa kelele, lakini hakuweza kuizima redio ya mtu akiwa mbali. Simu zetu zenye mabilioni ya transista zinategemea mitambo ambayo mtawala anaweza kuifunga kwa simu moja. Congo-Kinshasa ilizima intaneti baada ya uchaguzi wa Desemba 2018. Uganda ilizima Januari 2021. Tanzania ilizima siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, na watu walioko ughaibuni walikaa siku kadhaa bila kujua kama ndugu zao ni wazima.

Wakati huo huo, sauti za masafa marefu zinapungua. Machi 2025 Sauti ya Amerika ilinyamazishwa na serikali ya Marekani yenyewe, na idhaa yake ya Kiswahili ikanyamaza nayo. Serikali ya ubaguzi wa rangi ilihitaji kujenga mitambo nchi nzima ili watu wasisikie mbali. Leo kazi hiyo inafanywa kwa amri moja, na gharama yake analipa mwananchi anayenunua bando.

Nini kifanyike? Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 sheria ya haki ya kutengeneza, inayowataka watengenezaji wa bidhaa kadhaa, simu zikiwemo, wazitengeneze zikiharibika na wauze vipuri kwa bei isiyomkatisha mtu tamaa. Nchi zetu, ambako watu hutumia simu hadi ifungwe kwa mpira, zina haja ya sheria kama hiyo kuliko Ulaya. Pili, mafundi wa mitaani wapewe vyeti kwa ujuzi walio nao, awe ni Mkongo, Mtanzania au mwenyeji wa Soweto. Hakuna chuo kinachojua kufufua simu mbovu kuwashinda. Tatu, nchi zinazotoa paladiamu, koltani na bati zikae meza moja zinapojadiliana na wenye viwanda. Afrika Kusini ilipotishwa Septemba 2025 ilikuwa na la kujibu kwa sababu ilikuwa na madini. Wenye madini wakitishwa mmoja mmoja, kila mmoja ataomba radhi kivyake.

Kuhusu redio yangu, bado inasema. Jioni naiweka dirishani, upande unaotazama mnara wa Hillbrow, uliojengwa kwa ajili ya mawasiliano ya simu na kukamilika mwaka 1971, zama za ubaguzi. Nazungusha kitufe polepole kutafuta sauti ya nyumbani. Vituo ni vichache kuliko zamani, lakini siku nyingine Kiswahili kinapatikana, kikija na kupotea kama mtu anayeongea huku akitembea kwenye upepo. Na siku ambayo intaneti ya nyumbani imezimwa, majirani hugonga mlango na kuuliza, "Kaka, ile transista bado ipo?"